Siku sita Matema: ukuta wa mawe, boti iliyozama na mlima wa kurudia

Nimerudi Iringa kutoka Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wiki tatu sasa. Haya nayaandika kutoka kwenye daftari lililolowa kona moja, na picha zaidi ya mia mbili, nyingi zikiwa za mawe na mapovu. Kuzamia kwa mtungi nilijifunza Unguja, miaka niliyokuwa nafanya kazi hotelini. Kila nikija likizo nyumbani, nikipita Mbeya kusalimia ndugu, nilikuwa najiuliza: tunalo ziwa lenye kina cha mita 700 na samaki wasiopatikana popote pengine duniani, mbona hakuna hata mmoja wetu anayesimulia chini kukoje? Mwaka huu mwenzangu wa Tanga, ambaye tulikuwa tukizamia pamoja, alikubali kuja na gari lake na mitungi sita.

Alhamisi: Iringa hadi Mbeya

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Mafinga chai na chapati, Makambako foleni ya malori yanayokwenda Tunduma, Chimala mchele na maharage kwa sh. 4,000. Safari ya saa sita ikawa ya saa tisa.

Kituo kimoja cha ukaguzi askari alifungua mlango wa nyuma akaona mitungi imelala kwenye magodoro. "Hii gesi mnapeleka wapi?" Mwenzangu akamjibu, "Ni hewa tu, afande. Hewa hii hii tunayovuta hapa." Askari alicheka, kisha akataka kuhakikisha. Tukafunga regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, kwenye mtungi mmoja, akaiweka mdomoni, akavuta mara mbili, akasema kavu. Akatutakia safari njema na kutuambia tusiegeshe juani. Ushauri huo ni wa kweli: mtungi uliojazwa hadi mgandamizo wa ba 200 hautakiwi kukaa kwenye joto kali.

Anayetaka kufuata njia hii ajue mapema kwamba Matema hatukukuta mahali pa kujaza mitungi wala pa kukodi vifaa. Unachobeba ndicho utakachotumia. Kwetu ilikuwa mitungi mitatu kila mtu, basi.

Tulilala Mbeya kwa shangazi yangu. Baridi ya usiku ule ilimfanya mtu wa Tanga alale na soksi.

Ijumaa: kuteremka

Barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu inapanda kwanza, inapita mashamba ya viazi kwenye ukungu, juu ya mita 2,000, ndipo inapoanza kushuka ukiwa na Mlima Rungwe upande wa kushoto. Kila baada ya nusu saa mwenzangu alikuwa akisoma kimo kwenye simu na kunitajia: Mbeya 1,700 na kitu, huko juu zaidi ya 2,000, Tukuyu kama 1,500. Mimi niliandika namba hizo pembeni mwa daftari. Zilitufaa Jumatatu.

Kutoka Tukuyu lami nzuri inakwenda upande wa Kyela, na pale Kikusya unakunja kwenda Ipinda na Matema. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Sisi tulichagua kupitia Masoko kwa sababu nilitaka kuliona ziwa la pale, lililokaa ndani ya shimo la volkano, duara, kijani kibichi, limezungukwa na miti. Inasimuliwa kwamba Wajerumani waliokuwa na kambi pale walitupa fedha na silaha ndani ya maji vita vya 1914 vilipowageukia. Vijana wawili walitujia na sarafu nyeusi viganjani, heller za Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambazo ndizo zilizotuachia neno hela. Wanazitoa wenyewe, kwa kuzama na pumzi ya kifua tu. Mmoja aliponiona namtazama mwenzangu akakisia. "Nanyi ni wazamaji?" Tukamwonyesha mitungi. Alikaa kimya, akagusa mpira wa hewa, akauliza ukiwa nao unakaa muda gani. Nikamwambia dakika arobaini, hamsini. Akasema yeye anahesabu hadi mia na ishirini, halafu masikio yanamuuma. Nilimfundisha kubana pua na kupuliza taratibu kadiri anavyoshuka, na nikamsihi asizame peke yake kamwe. Natamani angepata mtu wa kumfundisha vizuri. Sarafu hatukununua, tulimnunulia soda.

Kuanzia hapo barabara ilitutikisa. Mashimo, utelezi, madaraja ya mbao. Gharama yake tuliijua baadaye.

Chini kabisa joto linakupiga usoni. Mashamba ya mpunga, michikichi, kakao imeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, harufu yake kama siki. Matema tulifika saa kumi na moja jioni. Mchanga mpana, na mbele yake Milima ya Livingstone imesimama imara, inashuka moja kwa moja ndani ya maji bila kuacha hata nafasi ya barabara. Nyumba ya wageni ilikuwa sh. 35,000, chandarua kizima, maji ya bomba. Mama mwenye nyumba alitupikia mbasa wa kukaanga na wali wa Kyela, ule unaonukia hadi barazani. Sh. 7,000 sahani.

Jumamosi: kupiga hodi

Siku hii hatukuzama, na nisingeifupisha kwa lolote.

Asubuhi tulikwenda ofisi ya kijiji, tukasaini kitabu cha wageni, kisha tukapelekwa kwa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, kile wanachokiita BMU. Walitupokea kwa heshima lakini nyuso zilikuwa nzito. Mzee mmoja alisema wazi: wamekuja watu na vioo vya macho, wakaondoka na samaki wa mapambo kwenye mifuko ya plastiki, na kijiji hakikuambulia kitu. Ana haki ya kuuliza. Samaki wadogo wa mawe wa ziwa hili wanauzwa ng'ambo kwa watu wanaofuga kwenye matangi ya kioo, na kila rundo la mawe lina rangi zake, kiasi kwamba ukiwamaliza hapa hutawapata kwenye mawe ya pili. Tulimwaga mabegi yote sakafuni. Hakukuwa na wavu, hakukuwa na mfuko. Mwenzangu akawaonyesha picha za samaki wa Tanga kwenye simu, nao wakaanza kubishana yupi anafaa kuliwa.

Ndipo mzee yule yule akatuuliza tunashuka mita ngapi. Nikasema kumi na nane, labda ishirini. Akatikisa kichwa. "Basi kuna boti yetu huko."

Boti hiyo ilikuwa ya kaka yake, ya mbao, yenye injini ya dizeli. Ilikuwa ikibeba mzigo kati ya hapa na vijiji vya mwambao visivyo na barabara. Yeye alikuwa kijana wa kuchota maji yanayovuja. Usiku mmoja wa mwera, ule upepo wa kusini-mashariki unaotawala kuanzia Mei hadi Agosti, kamba ilikatika, ikasukumwa kwenye mawe, ikazama wenyewe wakiitazama. Hakuna aliyekufa. "Lakini ile mashine," alisema, "kaka alikuwa amekopa. Mkiiona, mje mniambie imelala vipi." Akasema atatupeleka kwa mtumbwi wake, Jumapili baada ya ibada, sh. 15,000 kwa siku.

Wengi wakisikia meli iliyozama Nyasa huuliza kama ni ile ya Wajerumani. Siyo. Ile Hermann von Wissmann ilipigwa na Waingereza Agosti 1914 ikiwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo huko Liuli, mbali kusini, kwenye ziwa hili hili. Haikuzama: baadaye Waingereza waliichukua, wakaitengeneza na kuipa jina lingine. Boti ya mzee haimo katika kitabu chochote, na mimi niliiona yenye thamani zaidi.

Mchana tulikwenda mnada wa Lyulilo, kijiji cha jirani, ambako Jumamosi akina mama wa Kikisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Vinapangwa kwa mamia, vyepesi, vimepakwa udongo mwekundu na mistari myeupe. Nilimwamkia mama mmoja kwa "Ugonile", neno pekee la Kinyakyusa ninalojiamini nalo, yaani umelala, umeamkaje. Mwenyewe ni Mkisi, lakini aliitikia kwa kicheko kirefu, akanipunguzia chungu cha maji kutoka 8,000 hadi 6,000. Akakigonga kwa kidole ukingoni ili nisikie kinavyolia. "Kikilia hivi ni kizima. Ukifika kwako kijaze, kilale na maji, ndipo ukitumie."

Jioni tulijaribu vifaa kwenye maji ya kina kifupi, na hapo tukagundua: mtungi mmoja ulikuwa umeshuka hadi ba 110. Mpira wa valvu ulihama kwa mitikisiko ya Masoko. Tuliubadilisha, lakini hewa ilishakwenda.

Neno kuhusu maji haya. Ni maji baridi yasiyo na chumvi, hayakubebi kama bahari. Nilitoa kilo 2 na nusu za vizito vya risasi kwenye mkanda wangu, mwenzangu kilo 3, ndipo tukakaa sawa. Halafu ziwa lenyewe liko kwenye kimo cha mita 470 na kitu juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mita 300 unahesabiwa kuwa unazamia mlimani. Hewa ya juu ni nyepesi kidogo, kwa hiyo kina cha mita 18 pale hukisomi kama 18 kwenye jedwali la kuzamia la baharini, unakisogeza mbele. Rekebisha kompyuta yako ya kuzamia isome maji yasiyo na chumvi na kimo cha mahali kabla hujalowa.

Jumapili: ukuta

Nyimbo za Walutheri zilitufikia hadi barazani. Mzee alikuja saa saba mchana akiwa bado na shati la kanisani, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye mfuko.

Mamba tuliuliza mara tatu, kwa watu watatu tofauti. Wote walisema jambo moja: kaeni mbali na midomo ya mito, hasa Lufilyo, maji yakiwa ya matope msiingie. Upande wa mawe, kuelekea Ikombe, maji ni maangavu na watoto wao huogelea hapo. Uliza upya kila ukienda, majibu hubadilika na msimu.

Mtumbwi ulibeba mitungi, sisi tukatembea kwa njia ya miguu hadi ilipokomea kwenye mawe makubwa kama nyumba. Hapo unaingia kutoka ufukweni, hatua tano tu, na maji yanakufika shingoni.

Nilipoinamisha uso nilipiga kelele ndani ya regyuleta. Mbuna, wale samaki wadogo wa mawe! Buluu yenye mistari myeusi, manjano ya ndizi mbivu, zambarau, rangi ya machungwa yenye madoa, mamia kwa mamia wakikwangua ukoga kwenye mawe kwa midomo yao, kila dume analinda nafasi yake isiyozidi meza ya chakula na kumfukuza hata mwenye ukubwa mara mbili yake. Majike wengine walikuwa na mashavu yaliyojaa. Hao wamebeba mayai na watoto mdomoni, hawali kwa takriban wiki tatu hadi watoto waweze kujitegemea. Nilisimama mbele ya mmoja, naye akageuka upande, akageuka tena, bila kufungua mdomo.

Mawe yanapangana hadi mita 10, kisha yanakatika. Unatoka ukingoni na chini yako kuna ukuta wa mwamba unaoshuka kwenye kijani, kisha kwenye buluu, kisha hakuna kitu. Huu ni mlima ule ule uliouona jana kutoka barazani. Umeendelea tu kushuka, kwa sababu ardhi ilipopasuka kufanya Bonde la Ufa ilikatika hapa hapa. Nilishika mwamba kwa vidole viwili. Umefunikwa na sponji nyembamba za kijivu, laini kama ngozi ya ndani ya yai. Tulifika mita 19, tukageuka, na ukuta haukuonyesha dalili ya kuisha. Chini sana, kuanzia kama mita 200 na kitu, maji ya ziwa hili hayana oksijeni na hakuna samaki anayeishi humo. Uhai wote huu umening'inia kwenye ukingo wa juu.

Boti hatukuiona. Mzee alisikiliza, akatazama mlima, akasema tulikuwa tumekwenda kulia mno.

Jumatatu: mashine

Saa moja na nusu asubuhi ziwa lilikuwa kama mafuta. Mzee alisimamisha mtumbwi, akalinganisha jiwe lenye alama nyeupe na mti mkavu juu ya mteremko, akapiga maji kwa kasia. "Hapa."

Kwa mita 12, kwenye kijukwaa cha mchanga mbele ya ukuta, niliona kwanza misumari. Ilikuwa imejipanga mistari miwili bila mbao, kwa maana mbao za ubavu zimeshakwisha. Kisha mkuku, ule mti wa chini unaobeba boti, umezama nusu kwenye mchanga, na mataruma sita yamesimama upande mmoja kama mbavu za ng'ombe. Na katikati yake mashine, imelalia ubavu wa kushoto, shafti yake bado imeelekea nyuma kwenye propela yenye mapanga matatu. Kila tundu la injini lilikuwa na mbuna wake. Kaa mwenye rangi ya samawati alitoka pale ambapo zamani paliingia bomba la mafuta, akasimama, akarudi.

Pembeni mwa mkuku alikuwepo samaki mkubwa kiasi, mwenye mabaka ya kahawia, amelala kwenye mchanga kama mzoga. Nilidhani amekufa. Mwenzangu alinishika mkono nisimsogelee. Tulisubiri dakika nne nzima. Samaki wadogo wawili wakaja kumdonoa, naye akamrukia mmoja. Wanasayansi wanamwita Nimbochromis livingstonii, na upande wa Malawi wanamwita kaligono, mlalaji. Nikakumbuka mama wa vyungu na "ugonile" yangu. Ni mzizi ule ule, kulala, pande zote mbili za ziwa.

Hatukugusa chochote. Tulisimama mita 5 kwa dakika tatu, tukatoka. Baada ya mapumziko ya saa mbili na muhogo wa kuchoma, tulizama tena, mimi na ule mtungi uliovuja, kwa hiyo hatukupita mita 8. Tulitoka majini saa sita na dakika kumi mchana. Niliandika saa hiyo kabla sijajifuta.

Mzee nilimwonyesha picha kwenye kivuli cha mwembe. Alikuza ile ya mashine kwa vidole, akaifuata shafti kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikaa nayo muda mrefu. "Imelalia upande wa kamba," alisema mwishowe. "Kaka alikuwa anasema hivyo, mimi nikambishia mpaka amefariki." Alikataa fedha ya siku hiyo. Tulibishana naye, akachukua nusu.

Saa tisa alasiri mwenzangu alipigiwa simu kutoka kazini: kuna kikao Mbeya kesho yake saa mbili asubuhi. Gari lilikuwa tayari, mchana ulikuwa bado, saa tatu tu za barabara. Hapa ndipo namba zangu za pembeni zilipotumika. Ukizama, naitrojeni inaingia mwilini kwa mgandamizo na hutoka polepole. Ukipanda haraka mahali penye hewa nyepesi, inaweza kutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa, kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo. Baharini tunaambiwa tusipande ndege kabla ya saa 18 tukishazama zaidi ya mara moja. Matema hakuna ndege, lakini kuna Tukuyu na kuna zile mita 2,000 na zaidi kabla ya Mbeya. Kutoka ufukweni hadi huko ni kupanda zaidi ya mita 1,500 ukiwa umekaa kwenye kiti, ukitafuna karanga. Mwili hautambui kama umepandishwa na ndege au na gari dogo.

Alikasirika, si kwangu, kwa hali. Alitembea ufukweni hadi mwisho wa mchanga na kurudi. Kisha akapiga simu, akasema hawezi kufika, akaeleza sababu yote kama ilivyo. Nilimheshimu sana kwa hilo. Tukakubaliana saa 24 kamili, kwa kuwa tulikuwa watu wawili tu na daktari anayejua ugonjwa huu alikuwa mbali sana nasi.

Kwa hiyo wewe utakayekwenda: siku ya mwisho Matema isiwe ya kuzama. Ipange kabla, ilipie kabla.

Jioni tulikula usipa na ugali barazani, bila haraka. Mbali juu ya maji kulipanda moshi mrefu kama wa shamba linalochomwa. Mama mwenye nyumba alisema ni kungu, wale wadudu wa ziwa, na tufunge dirisha upepo ukigeuka. Haukugeuka.

Jumanne: kupanda

Tuliondoka saa saba mchana, kwa lami, kupitia Ipinda na Kikusya. Mzee alikuja kutuaga na kikapu cha machungwa. Picha ya mashine niliituma kwa simu ya mjukuu wake, na nimeshamtumia ya karatasi kwa basi tangu nirudi.

Tukuyu tulisimama nusu saa kunywa chai, tukaulizana: viungo? vidole? kichwa? Salama. Kule juu kwenye viazi, ukungu ule ule, tukasimama tena. Salama. Mwenzangu akavaa soksi.

Kuhusu kichocho, kwenye mawe hatari ni ndogo kuliko kwenye majani na maji yaliyotulia, lakini ipo. Nitakwenda kupima wiki ya nane tangu nilowe, kwa kuwa ukipima mapema mno huenda usikute kitu, na nikikutwa nao nitameza prazikwanteli kama daktari atakavyoelekeza.

Kwa watu wawili, mafuta, malazi, chakula, mtumbwi na soda vilifika kama sh. 690,000, mbali na kujaza mitungi.

Iringa nilifika Jumatano jioni, chungu nimekipakata kutoka Mbeya. Mama alikipokea, akakigonga ukingoni, akakijaza maji hadi shingoni na kukiweka jikoni kwenye saruji kilale hivyo. Asubuhi niliamka kabla yake nikaenda kutazama. Sakafu ilikuwa kavu.